Wageni wa Angani: Kwa Nini Watu Husafiri Mbali Kuwatazama Ndege, na Sisi wa Lukole Tuwapokeeje



Dominika moja, baada ya Misa katika kigango kilicho jirani na eneo ilipokuwa kambi ya wakimbizi ya Lukole, mama mmoja mzee alitufuata akiwa na swali. Asubuhi ile, akiwa njiani kuja kanisani, alikuta gari limesimama kando ya barabara, na wageni wanne wameelekeza darubini zao bondeni kwenye mafunjo, kimya kabisa, kama watu walio mbele ya Sakramenti Kuu. Alisimama kidogo ili aone wanachokitazama. Alikuwa ni ndege tu. "Padre," akatuuliza, "ndege mwenyewe haliwi, hauzwi, wala hawakumkamata. Wametoka kwao mbali kote huko kwa ajili ya nini?"

Tulimjibu kwa kifupi, kwa kuwa tulikuwa tunawahi Misa ya pili katika kigango kingine, na jibu lenyewe halikuturidhisha hata sisi. Tangu siku ile tumesoma na kuuliza. Makala haya ni jaribio la kumjibu mama yetu kwa namna anavyostahili, na pamoja naye waamini wengine wa Ngara na Biharamulo, ambao bila shaka wataendelea kuwaona wageni wa namna hiyo, maana idadi yao katika mkoa wetu wa Kagera haipungui.

Safari za msimu

Tanzania ina zaidi ya aina 1,100 za ndege. Wengi ni wenyeji: huzaliwa, huzaa na kufa hapa hapa. Lakini wako wengine ambao ni wageni wa msimu. Wao hutaga na kulea makinda yao Ulaya na Asia wakati wa kiangazi cha huko, na baridi inapokaribia, wadudu wanapotoweka, hufunga safari kuja Afrika. Huanza kufika kwetu kuanzia mwezi wa Septemba na Oktoba, mvua za vuli zinapokaribia, na huondoka Machi na Aprili. Miongoni mwao yumo mbayuwayu, ambaye uzito wake ni kama gramu 20, yaani vijiko vitano vidogo vya sukari, na ambaye huweza kusafiri kilometa 10,000 kwa upande mmoja. Yumo keremkerem wa Ulaya, mwenye rangi za dhahabu na buluu, alaye nyuki na nyigu. Yumo pia korongo mweupe mwenye miguu mirefu myekundu, ambaye watoto wetu humwona akitembea taratibu mashambani kama bwana shamba anayekagua mazao.

Kwa karne nyingi watu wa Ulaya hawakujua ndege hao huenda wapi. Wasomi wakubwa walifundisha kwamba mbayuwayu hujificha matopeni chini ya maziwa hadi baridi ipite, na katika karne ya 17 alikuwako hata Mwingereza aliyeandika kwamba ndege huenda mwezini. Jibu lilikuja kwa njia ya ajabu mwaka 1822. Karibu na mji wa Klütz, kaskazini mwa Ujerumani, alipatikana korongo aliyekuwa na mkuki umempenya shingoni, mkuki wa kiafrika wenye urefu wa sentimeta 80 hivi. Ndege yule alikuwa amechomwa huku kwetu Afrika, akapona, akaruka nao hadi Ujerumani. Amehifadhiwa hadi leo katika Chuo Kikuu cha Rostock. Tunakiri kwamba tuliposoma habari hiyo tulimfikiria zaidi mwindaji: mtu asiyejulikana jina, aliyekosa kitoweo siku ile, na bila kujua akawapa wataalamu wa Ulaya jawabu walilolitafuta kwa miaka elfu mbili.

Nabii Yeremia hakuhitaji mkuki huo. Katika sura ya 8, aya ya 7, anawataja korongo, hua na mbayuwayu kuwa wanajua majira yao ya kwenda na kurudi, akiwalinganisha na taifa lisilojua hukumu ya Bwana. Nabii aliweza kusema hivyo kwa sababu aliishi mahali panapofaa kuliko karibu pote duniani kwa kuona jambo hilo. Korongo huruka kwa kupanda juu ya hewa ya moto inayoinuka kutoka ardhini, na hewa ya namna hiyo haipatikani juu ya bahari. Kwa hiyo wale watokao Ulaya ya Mashariki huizunguka Bahari ya Kati, hupita Uturuki, kisha Nchi Takatifu, Sinai na bonde la mto Nile, ndipo wafike Afrika Mashariki na hata Kusini. Inakadiriwa kwamba ndege wapatao milioni 500 hupita katika anga la Nchi Takatifu mara mbili kila mwaka. Maana yake ni kwamba korongo anayetua katika shamba la maharage hapa Ngara mwezi wa Desemba, yawezekana kabisa amepita juu ya Galilaya miezi michache kabla. Mahujaji wetu hulipa fedha nyingi kwa safari hiyo.

Hao ndio wageni wanaotazamiwa. Lakini kinachomfanya mtazamaji wa ndege aamke usiku wa manane ni mgeni asiyetazamiwa: ndege aliyepotezwa njia na upepo, au aina ambayo katika nchi nzima huonekana mahali pamoja tu. Huko Uingereza, habari zikienea kwamba ndege wa mbali ameonekana katika kijiji fulani, watu huendesha magari usiku kucha ili wamkute kabla hajaondoka. Wengine humkosa kwa saa moja tu, wakarudi kazini wakiwa na huzuni. Sisi hatuna haja ya kuwacheka. Hapa kwetu wako wanaosafiri kutoka Biharamulo hadi Dar es Salaam kwa ajili ya mechi ya dakika 90.

Safari yenyewe haina mambo mengi. Watu huondoka kabla ya mapambazuko, kwa sababu ndege huonekana vizuri zaidi saa za mwanzo za asubuhi. Huvaa nguo zisizong'aa, huzungumza kwa kunong'ona, na huwa na darubini, kitabu chenye picha za ndege, na daftari. Kila ndege huandikwa jina, idadi, mahali na saa. Wengi siku hizi huingiza taarifa hizo katika programu ya simu iitwayo eBird, iliyoanzishwa mwaka 2002 na Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani, na kwa njia hiyo daftari la mtu mmoja husaidia wataalamu kujua ni aina gani zinapungua. Kumbe wale wageni wanne waliokuwa kimya kando ya barabara walikuwa wanafanya kazi pia.

Mkoani kwetu na kwa jirani zetu

Kagera ni mkoa wenye bahati katika jambo hili. Msitu wa Minziro, ulio wilayani Missenyi kwenye mpaka wa Uganda, una ndege wa misitu ya Kongo ambao hawapatikani penginepo popote nchini Tanzania. Ndiyo sababu watazamaji huvuka nchi nzima kuufikia. Karibu nasi zaidi ipo Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyoundwa mwaka 2019 kwa kuunganisha mapori ya akiba ya Burigi, Biharamulo na Kimisi. Ina kilometa za mraba 4,707, pamoja na Ziwa Burigi na mabwawa yake ya mafunjo, na inagusa wilaya zetu zote mbili.

Tunajua kwamba kwa baadhi ya waamini wetu neno "hifadhi" hukumbusha kwanza mipaka, faini na ng'ombe waliokamatwa. Hatutaki kulificha hilo, wala makala haya hayawezi kulimaliza. Lakini upo mfano mmoja wa jirani zetu wa Uganda ambao tungependa ufahamike, hasa kwa vijana wetu wasio na ajira.

Magharibi mwa Entebbe, kando ya Ziwa Viktoria, kuna bwawa kubwa la mafunjo liitwalo Mabamba. Humo anaishi korongo nyangumi, ndege mkubwa wa rangi ya kijivu mwenye mdomo mpana kama kiatu, ambaye ni adimu sana duniani. Chakula chake akipendacho ni kamongo, samaki yule yule ambaye wavuvi wa Mabamba humtafuta. Wavuvi waliamini kwamba mtu akikutana na ndege huyo asubuhi hatapata kitu siku hiyo, kwa hiyo walimfukuza na hata kumwua. Baadaye, wageni walipoanza kuja wakiwa tayari kulipa ili wamwone tu, baadhi ya wavuvi walifundishwa kuwa waongozaji. Mitumbwi ile ile ya kuvulia kamongo sasa huwabeba watazamaji asubuhi, na kijana anayejua ndege amelala upande gani wa bwawa hupata riziki yake kwa ujuzi huo. Mwaka 2006 Mabamba iliandikishwa miongoni mwa ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Ndege aliyesemwa kuwa huleta mkosi ndiye anayelipa ada za shule.

Tumelieleza jambo hilo kwa makusudi, kwa sababu mikosi ya namna hiyo haijaisha kwetu. Bundi bado anauawa kwa sababu amelia juu ya paa la nyumba yenye mgonjwa. Mkristo anayemwua bundi kwa hofu ya uchawi anafanya makosa mawili kwa pigo moja: anakiuka Amri ya Kwanza, kama Katekisimu inavyofundisha kuhusu ushirikina, na anaondoa shambani mla panya ambaye hakumgharimu hata shilingi.

Lukole na mgeni wake

Inatupasa sasa kusema kwa nini tunaandika haya juu ya Lukole na si juu ya mahali pengine. Jina la Lukole lilijulikana duniani kwa sababu ya watu waliokimbia. Mwishoni mwa Aprili 1994, ndani ya muda wa siku moja hivi, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Ngara. Kambi ya Benaco ikazaliwa, na nyingine zikafuata. Wanyarwanda waliporudishwa mwaka 1996, Lukole ilibaki kuwa kambi ya ndugu zetu wa Burundi, watu wapatao laki moja, hadi ilipofungwa mwaka 2008. Wapo vijana wenye umri wa kuoa leo waliozaliwa pale, wakabatizwa pale, na hawajui kijiji kingine cha utoto wao.

Nchi ilibeba mzigo huo. Miti ilikatwa kwa ajili ya kuni na kujengea, na vilima vilivyokuwa na kivuli vikabaki vyekundu. Hatuandiki hivyo ili kuwalaumu wakimbizi. Mama mwenye watoto na sufuria ya maharage yasiyoiva upesi hana budi kutafuta kuni. Tunaandika kwa sababu, kambi ilipofungwa, vichaka vilianza kurudi vyenyewe mahali pengi, na pamoja na vichaka wakarudi ndege. Anayekwenda leo mahali zilipokuwa blandi za Lukole asubuhi ya mwezi wa Novemba hatakosa kuwaona mbayuwayu wakikata hewa chinichini juu ya nyasi.

Warundi wanamwita mbayuwayu intamba. Timu yao ya taifa ya mpira wa miguu inajulikana kwa jina la Intamba mu Rugamba, yaani mbayuwayu vitani. Tumewaza mara nyingi juu ya watoto waliocheza mpira wa makaratasi Lukole wakiwa na jina hilo midomoni, huku ndege wenyewe wakipita juu yao Machi kwenda makwao bila kuulizwa kibali. Wazazi wao walisubiri kurudi kwa miaka, wengine kwa hofu ya kurudi. Yeremia alisema kwamba ndege wanayajua majira yao; mkimbizi alijua majira yake pia, ila hakuwa na ruhusa wala usalama wa kuyafuata.

Hapo ndipo swali la mama yetu linakuwa gumu kweli kweli. Mtu aliyeishi Lukole, au aliyewapokea waliokuja Lukole, ana haki ya kuuliza: inawezekanaje mtu atumie mamilioni ya shilingi kumfuata ndege, wakati binadamu wenzake wamelala chini ya turubai? Kanisa halilikwepi swali hilo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2415 hadi 2418, inafundisha kwamba wanyama ni viumbe vya Mungu, kwamba kwa kuwako kwao tu wanamtukuza, na kwamba ni kinyume cha hadhi ya mwanadamu kuwatesa au kuwaua bila sababu. Lakini namba hiyo hiyo ya 2418 inasema pia kwamba haifai kuwatumia wanyama fedha ambazo kwanza zingepaswa kuondoa taabu za watu. Yote mawili yamo katika ukurasa mmoja, na muumini hawezi kuchagua moja akaliacha jingine. Naye Papa Fransisko, katika Waraka wake wa mwaka 2015, Laudato si', juu ya utunzaji bora wa mazingira nyumba ya wote, anarudia mara nyingi kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini vinasikilizwa pamoja.

Kwa maoni yetu, jibu linategemea fedha za mgeni zinaishia wapi. Safari ya ndege inayomlaza mgeni katika nyumba ya wageni ya kijiji, inayomlipa kijana wa hapa kuongoza na mama wa hapa kupika, haishindani na maskini. Ile inayopita kwa kasi na vioo vimefungwa, ikabakiza vumbi, hiyo mama yetu ana haki ya kuishangaa. Wahenga wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Walisema pia kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na katika hilo ndege wametutangulia: korongo hula nzige na viwavi, mbayuwayu humaliza wadudu warukao tangu alfajiri hadi jioni. Wamekuja na majembe yao.

Kuna jambo lililotokea India linaloonyesha kwamba neno la mimbari lina nguvu hapa. Kozi wa Amur ni ndege mdogo wa jamii ya kozi, aitwaye kwa jina la mto ulio kati ya Urusi na China. Kila mwaka huvuka Bahari ya Hindi na kupita Afrika Mashariki mwezi wa Novemba na Desemba akielekea kusini. Kabla ya kuvuka bahari hupumzika katika jimbo la Nagaland, ambalo watu wake wengi ni Wakristo Wabaptisti. Mwaka 2012 ilifahamika kwamba wanavijiji walikuwa wakiwanasa kwa nyavu na kuwauza kwa makumi ya maelfu. Mabaraza ya vijiji yakakaa, wachungaji wakahubiri, na mwaka uliofuata nyavu hazikutandikwa. Baadhi ya walionasa ndege wakawa wenyeji wa watazamaji. Ndugu zetu hao wa Nagaland hawatujui, lakini ndege waliowaachia hupita juu ya eneo letu la Afrika.

Nasi tunayo ya kwetu ya kufanya. Wazazi, manati za watoto zisiwalenge mbayuwayu na korongo. Licha ya dhambi ya ukatili, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kuwinda bila kibali. Wakulima wenye kuweka sumu shambani wakumbuke kwamba ndege aliyekufa kwa sumu huokotwa na mtoto na kupikwa. Na wanaoharibu viota wasome Kumbukumbu la Torati 22:6-7, ambapo Mungu anakataza kumchukua ndege pamoja na makinda yake. Ahadi iliyoambatanishwa na katazo hilo dogo ni ile ile iliyoambatanishwa na kuwaheshimu baba na mama: kufanikiwa na kuishi siku nyingi.

Kipindi cha Kazi ya Uumbaji, kinachoanza tarehe 1 Septemba hadi sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Assisi tarehe 4 Oktoba, huangukia wakati ule ule wageni hao wanapoanza kuwasili, na Jumamosi ya pili ya Oktoba huadhimishwa duniani kuwa siku ya ndege wahamao. Tunawashauri walezi wa Utoto Mtakatifu na wa vijana wawatoe watoto asubuhi moja katika majira hayo, waende hadi bonde la karibu, na kuandika wanachokiona. Darubini si lazima. Daftari moja na kalamu vinatosha kwa mwaka wa kwanza.

Jambo la mwisho ni la pete. Huko Ngulia, katika Hifadhi ya Tsavo Magharibi nchini Kenya, tangu mwaka 1969 wataalamu na watu wa kujitolea hukusanyika kila mwisho wa mwaka, hunasa ndege wahamao katika usiku wa ukungu, huwavisha pete nyepesi mguuni na kuwaachia. Baadhi ya pete hizo zimepatikana tena hadi Urusi na Saudi Arabia. Vituo vya Ulaya hufanya vivyo hivyo. Ikiwa mtu wa Lukole atamwokota ndege aliyekufa mwenye pete yenye namba na jina la mji, labda Moskwa au Helgoland, pete hiyo isitupwe wala isifanywe pambo. Aandike namba yote, herufi zote, mahali na tarehe, kisha apeleke kwa ofisi ya wanyamapori iliyo karibu, au aiache katika ofisi ya parokia nasi tutaifikisha. Kama ndege yu hai, isomwe namba akiwa mkononi, kisha aachiwe.